Trinity wa Kichiwa, au Deni la Mtafsiri

Hivi, ndugu msomaji, mtu akikutafsiria jambo usilolielewa, kisha akakuongezea na ya kwake humo humo, amekuibia au amekupa zawadi? Wengi hulijibu swali hili haraka haraka. Wasomi wetu watasema amekuibia, tena bila haya. Watu wa vibanda vya video watasema, aah, wewe bwana, sisi tumefurahi, mengine ya nini? Mimi naona majibu yote mawili hutolewa kabla swali halijasikilizwa vizuri. Nitalichambua kwa kupitia sinema moja tu, na ni ya kuchekesha, maana mambo mazito yakielezwa kwa mifano mizito watu husinzia.

Sinema yenyewe ni ile ya makauboi iitwayo They Call Me Trinity. Ilitengenezwa Italia mwaka 1970 na mwongozaji Enzo Barboni, ambaye kwenye kasha anajiita E. B. Clucher. Wanaoigiza mbele ni Terence Hill, yule mwembamba mwenye macho ya buluu, na Bud Spencer, yule bonge mwenye ndevu ambaye ngumi yake humshukia mtu utosini kama nyundo inayopiga kigingi. Ninazo nakala mbili, zote nimezinunua stendi ya Makambako kwa kijana yule yule anayetandaza turubai karibu na wauza viazi. Moja inasema Kiingereza. Ya pili ina sauti ya mtafsiri wa Kiswahili iliyowekwa juu ya Kiingereza hicho hicho, kiasi kwamba wazungu wanasikika kwa mbali kama watu wanaogombana nyumba ya tatu.

Kwanza nitoe hukumu ya mnunuzi, maana wapo watakaosoma hapa tu na kufunga gazeti. Nakala ya Kiingereza ina picha nzuri: vumbi linaonekana vumbi, na jasho jasho. Kasha lake limebeba sura ya kauboi ambaye hayumo kabisa katika sinema hii, hata kwa dakika moja. Nakala ya mtafsiri imefifia kama kanga iliyofuliwa mara mia, imebanwa na sinema nyingine saba kwenye diski moja, na karibu na katikati inakwama mpaka uitoe deki na kuifuta kwa shati. Zote mbili hazina kibali cha mwenye mali, hilo kila mtu pale stendi analijua, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 haina utani nalo. Deni hilo lipo, silikatai. Ila ninalolitafuta leo ni deni jingine, la mtafsiri kwa yule anayemsikiliza.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. Trinity anaingia amelala kwenye machela inayoburutwa na farasi jangwani, mvivu kiasi kwamba hata kupanda farasi anaona taabu. Anafika kwenye mgahawa, anafagia sufuria zima la maharage kwa mkate, anaondoka na mateka wa watu wawili waliokuwa mle ndani, nao wanapotaka kumpiga risasi kisogoni anawamaliza bila hata kugeuza shingo. Kisha anamkuta ndugu yake, Bambino, amejifanya mkuu wa polisi wa mji mdogo, wakati kazi yake halisi ni wizi wa farasi. Pale jirani kuna bonde zuri lenye majani, na ndani ya bonde wamekaa Wamormoni, watu wa dini, wakulima, ambao imani yao haiwaruhusu kupigana. Meja Harriman anataka bonde hilo kwa ajili ya farasi wake. Ndugu hawa wawili, mmoja kwa huruma na mwingine kwa tamaa ya hao farasi, wanawafundisha Wamormoni kupiga ngumi. Mwishoni mzee wao, Tobias, anapata kwenye Biblia ruhusa ya kupigana, na hapo ndipo meza na viti vinapoanza kuruka.

Sinema inachekesha kweli. Inachekesha kwa sababu, isipokuwa risasi chache, hakuna anayeumia. Mtu anapigwa, anapaa, anaanguka, anatikisa kichwa, anarudi kupigwa tena. Kabla yake makauboi wa Italia walikuwa wanaua kwa makumi na kamera inakaa kutazama jasho; Barboni akageuza meza, akafanya vurugu iwe mchezo wa watoto. Wapo wanaosema kucheka kipigo ni dhambi hata kama kipigo ni cha uongo. Hao sibishani nao leo.

Turudi kwa watafsiri. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye kwa sisi tulio mbali na miji, sinema ilikuwa ni kibanda: bati, mabenchi ya magogo, jenereta nyuma, kiingilio mlangoni. Lugha za mikanda zilikuwa Kiingereza, Kihindi na Kichina. Hapo ndipo akapatikana mtu wa kusimama katikati. Jina linalotajwa kwanza kila mara ni Lufufu, yaani Derek Mukandala wa Dar es Salaam, ambaye sauti yake ilizunguka nchi nzima kwenye kanda na baadaye kwenye diski. Kenya wana DJ Afro, anayechanganya Kiswahili na Sheng. Uganda wanawaita VJ, na VJ Jingo anatawala kwa Kiganda. Hawa hawaigizi sauti za wahusika mmoja mmoja. Wanasimulia, wanatafsiri, wanatukana kidogo, wanamsalimia fundi wao, wanakuonya kwamba huyu anayekuja sasa ni mnafiki usimwamini.

Mtafsiri wa diski yangu, ambaye jina lake halimo kwenye kasha, anamwita Trinity "Mvivu" na Bambino "Bonge". Mvivu anapofagia yale maharage, mtafsiri anasema, "Huyu jamaa hajala tangu Mbeya." Katika Kiingereza hakuna Mbeya. Kwa kweli, kwa muda mrefu wa mlo ule hakuna maneno ya maana hata kidogo, unasikia kijiko na pumzi tu. Rafiki yangu mmoja mwalimu alipoisikia akazima deki. Akasema huu ni uharibifu, mtu mzima ametunga sinema yake na mhuni wa Dar anaipaka matope, tena kwa kuwadanganya watu wasiojua lugha.

Nilimwuliza, sinema ipi hiyo iliyopakwa matope? Maana ukiitafuta sauti ya asili ya Trinity utatafuta mpaka uchoke. Waitaliano wa miaka ile walikuwa wakipiga picha kwanza, sauti wanaingiza baadaye studio. Katika Kiitaliano chenyewe, sauti ya Terence Hill ni ya mtu mwingine, Pino Locchi, na ya Bud Spencer ni ya Glauco Onorato. Kiingereza nacho kimeingizwa na wengine. Hata majina ni ya kuvaa: Hill ni Mario Girotti wa Venice, na Spencer ni Carlo Pedersoli wa Naples, mwogeleaji aliyeiwakilisha Italia katika Olimpiki za mwaka 1952 na 1956, akachukua "Bud" kutoka bia ya Budweiser na "Spencer" kutoka kwa mwigizaji Spencer Tracy. Amerika yenyewe unayoiona ni vilima vya Italia. Sasa katika mali hii iliyoazimwa kila upande, unamshika shati kijana wa Kiswahili peke yake?

Na tusiseme ni sisi tu. Ujerumani alikuwapo bwana mmoja, Rainer Brandt, aliyeandika maneno ya Kijerumani kwa sinema nyingi za hawa wawili. Hakutafsiri. Alitunga mizaha yake, akajaza hata pale walipokuwa kimya. Baada ya Trinity kupendwa, sinema yao ya mwaka 1969, ambayo ilikuwa ya huzuni na damu, ilirudishwa sokoni kule ikiwa na maneno mapya ya kuchekesha, picha zile zile. Wajerumani waliokua nazo wanazipenda mpaka leo na Brandt wanamtaja kwa heshima. Yeye alikuwa na studio, wetu ana maikrofoni na godoro ukutani la kuzuia mwangwi. Kama kuna tofauti nyingine ya kimaadili kati yao, mwalimu yule hakunionyesha.

Lakini hapa ndipo watetezi wa watafsiri hufurahi mapema mno. Kwamba sinema haina sauti ya asili kunamwondolea mtafsiri deni kwa Barboni, au kunalipunguza. Hakumwondolei deni kwa mtu aliyekaa kwenye gogo, ambaye hajui Kiingereza, na ambaye amekabidhi masikio yake kwa mwingine. Huyo hana njia ya kuhakiki. Akiambiwa Mvivu amesema "nisamehe" kumbe amesema "nitakuua", atabaki na "nisamehe" maisha yake yote. Swali langu tangu mwanzo lilikuwa hili: huyu anadaiwa nini?

Bibi yangu alikuwa anaongea Kibena. Kiswahili alikijua cha sokoni, cha bei na salamu. Krismasi moja tulimwekea Trinity ya mtafsiri pale nyumbani, na kwa kuwa Kiswahili cha Dar kilimpita mbio, wajukuu tulikaa pande mbili tukimpa Kibena. Kwa hiyo maneno yalikuwa yametoka Kiitaliano yakapita Kiingereza yakaja Kiswahili yakaishia Kibena, na bado akacheka mpaka kitambaa kikaanguka. Kila baada ya muda aliuliza, "Kweli amesema hivyo?" Nasi tunamjibu, "Hapana bibi, huyu wa Kiswahili ndiye anaongeza." Anacheka zaidi. "Mwacheni aongeze." Lile swali alikuwa analo mkononi wakati wote, na alilitumia alipotaka.

Miezi michache baadaye mguu wake ukapata kidonda kisichokauka, kisukari. Tukampeleka hospitali. Daktari akaeleza kwa Kiswahili chake cha haraka kwamba vidole viwili viondolewe mara moja, la sivyo ugonjwa utapanda. Aliyekuwa anamtafsiria bibi ni kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, mtu mpole kuliko sisi wote. Akamwambia bibi kwa Kibena kwamba kuna dawa, zitamezwa kwanza, kisha watarudi waangalie. Nia yake, alituambia baadaye, ilikuwa kumfikisha nyumbani amweleze taratibu, mbele ya wazee, asije akashtuka pale kwenye benchi. Nyumbani kila siku ilikuwa siku mbaya ya kusema. Zilipita wiki tatu. Waliporudi walikata chini kidogo ya goti.

Bibi aliishi miaka minne baada ya hapo. Sikumsikia akilalamikia mguu. Alilolirudia mara kadhaa, akiwa amekaa juani akipukuchua mahindi, ni swali tu: "Siku ile daktari alipokuwa anasema, mimi nilikuwa wapi?"

Linganisha sasa. Mtafsiri wa diski amemwongezea bibi Mbeya, matusi na salamu kwa fundi. Kaka yangu alipunguza sentensi moja, kwa upendo. Tukipima kwa kalamu ya mwalimu, mwenye makosa mengi ni wa kwanza. Lakini wa kwanza alipokuwa anadanganya, bibi alikuwepo, amekaa kwenye kiti chake, anajua kwamba anachezewa na amekubali mchezo. Wa pili alimtoa bibi chumbani bila kumwambia. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaopima tafsiri kwa kuhesabu maneno yaliyozidi na yaliyopungua. Mimi ninaangalia kama msikilizaji bado anaweza kuuliza, "Kweli amesema hivyo?", na kama yupo wa kumjibu.

Mtu ataniambia nimechagua mifano miepesi, sinema upande huu na ugonjwa upande ule, wapi na wapi. Haya, basi, nikupe mfano ulio katikati, ambao mimi mwenyewe haujanilalia vizuri mpaka leo.

Mwaka 2012, mwaka Njombe ilipokuwa mkoa, kibanda cha Kichiwa kilikuwa na kijana aliyekuwa akitafsiri papo kwa papo. Hakutumia diski ya Dar. Aliweka ya Kiingereza, akapunguza sauti, akakaa pembeni na spika. Usiku mmoja wa Julai, baridi ile ya kwetu ambayo hata ulanzi hauisaidii, akaweka Trinity. Miaka hiyo kulikuwa na watu wa mijini wakipita vijijini kutafuta mashamba ya kupanda misindano, na kulikuwa na minong'ono mingi kuhusu nani amesaini nini. Kijana akaanza vizuri, Mvivu, maharage, utani wa kawaida. Alipoingia Meja Harriman na suti yake safi, akasema, "Huyu ni mwekezaji." Watu wakacheka. Bonde la Wamormoni akaliita vinyungu. Meja alipozungumza na wale wazee wa dini, kijana akasema, "Anawaambia karatasi iko tayari, mwenyekiti ameshasaini, bado nyie kuhama." Hapo kicheko kilikatika. Nilisikia jenereta.

Halafu ikafika pale Tobias anapofungua Biblia. Kijana akasema, bila kutabasamu: "Mzee anasoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali." Kisha ngumi zikaanza na watu wakashangilia mpaka bati likatetemeka.

Sasa hilo tuliweke wapi? Kuhusu sinema, alisema uongo mtupu. Tobias hana habari na bunge letu. Kuhusu sheria, alisema kweli. Nimeisoma mwenyewe baadaye, kifungu cha 8 kinasema hivyo hivyo: bila idhini ya mkutano mkuu, halmashauri haigawi. Na walikuwepo pale watu ambao hawakujua wapi uongo unaishia na kweli inaanzia. Mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma, jirani yetu, Jumatatu yake alikwenda ofisi ya kijiji kumwuliza mtendaji kama ni kweli sheria ya Wamormoni inatumika na huku. Kijiji kizima kilimcheka. Mtendaji, nasikia, alicheka pia, kisha akamjibu kwamba ndiyo, baba, ipo, ila si ya Wamormoni.

Rafiki yangu mwalimu angesema hapo ndipo palipo hatari: leo ameingiza sheria ya kweli, kesho ataingiza ya kutunga, na yule mzee atakwenda ofisini vile vile. Ana haki ya kuogopa. Kipaza sauti kile kile kingeweza kutangaza dawa ya kienyeji ya kuponya kila kitu, au kuwachonganisha watu na wafugaji. Sina kinga dhidi ya hilo na sitajifanya ninayo. Ninachokiona ni kwamba yule kijana, kwa kutaja namba na mwaka, alimpa mzee kitu cha kwenda nacho mahali. Angesema tu "ardhi ni yenu, msikubali", watu wangepiga makofi wakaenda kulala. Alimpa mzee yule lile swali la bibi, lile la "kweli amesema hivyo?", na mlango wa kwenda kuuliza. Kama alilijua hilo au alikuwa anatafuta kuchekesha tu, sijui, na siku hizi yuko Makambako anajaza watu muvi kwenye flashi, laibrari yake ina vumbi na biashara si mbaya. Nilipomkumbusha usiku ule alisema, "Kaka, mimi Kiingereza sikijui hata kidogo. Nilikuwa naangalia sura zao."

Nilirudi nyumbani nikalifikiria hilo njia nzima ndani ya Hiace. Kumbe hakukuwa na tafsiri yoyote. Aliangalia sura ya mtu mwenye suti akiwaangalia watu wenye bonde, akaelewa.

Kaka yangu, mtoto wa baba mdogo, nilimsomea rasimu ya makala haya kabla ya kuileta kwa mhariri, kwa kuwa imemgusa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wewe ungekuwa pale kwenye benchi, naye anakuangalia hivi usoni, ungesema nini?" Nikamwambia ningesema vidole viwili. Akasema, "Kwa Kibena?" Nikasema ndiyo, kwa Kibena. Hakunijibu, na hakuniambia nifute chochote.

Anayetaka kuzinunua, kijana wa turubai yupo upande wa mabasi ya Njombe, asubuhi. Achukue zote mbili, aanze na ya Kiswahili, na ikikwama katikati asiitupe: aifute kuanzia ndani kwenda nje, kwa kitambaa kikavu.